Nani Alimchinja Paa

Wawindaji wa Riyadh niliowaendeshea gari walikuwa na desturi moja iliyonitia hofu kuliko bunduki zao. Msimu ukiisha, baridi inapolegea na jangwa kuanza kurudisha joto lake, walikusanyika nyumbani kwa mmoja wao wakasimuliana waliyoyaona na waliyoyapiga. Kila msimuliaji alitakiwa awe na shahidi, maana walijijua. Mwindaji akiachiwa mdomo wake peke yake, sungura huota pembe. Na shahidi hakuwa mwindaji mwenzake, kwa kuwa mwenzake naye ana sungura wake mwenye pembe. Alikuwa dereva, au mpishi wa hema, mtu aliyekuwepo na asiye na cha kujisifia. Huyo aliitwa kutoka jikoni, akasimama mlangoni, akaulizwa kama maneno yale ni kweli. Akisema ni kweli, hadithi imepita, na nyama inaliwa.

Mwaka ule shahidi wa bosi wangu nilikuwa mimi.

Niseme mapema kwamba mimi ni mwoga. Kwetu Voi mbwa wa jirani alinijua kwa visigino. Watu husifu ushujaa wa waliokwenda Saudia, lakini mimi nilikwenda kwa woga, kwa kuogopa kubaki. Miaka ile karibu kila boma lilikuwa na mtu wake Saudia, na boma lisilokuwa na mtu Saudia lilikuwa na mtu Nairobi, amekaa kwa ajenti anasubiri kuitwa. Kaka walikwenda udereva, dada walikwenda kazi za nyumba. Mke wangu alikuwa mjamzito nilipopanda ndege. Binti yetu akazaliwa mimi niko Malaz, mtaa wa Riyadh, naosha gari la mtu. Nilimjua kwa simu tu, tena nilimjua paji la uso, maana akipewa simu aliigandamiza usoni. Akatambaa kwenye simu, akasimama kwenye simu, akaanza kusema kwenye simu. Nilitaka kwenda kumshika. Hakuna kingine nilichokitaka.

Lakini kule huondoki kwa kutaka. Kafili wako, yaani mwajiri aliyekudhamini, asipokubonyezea ruhusa kwenye mtandao wa serikali, hata uwe na tiketi mkononi utarudishwa kutoka uwanja wa ndege. Bosi wangu aliniahidi mwenyewe, tena bila kubembelezwa sana. Alisema, "Tukimaliza mkutano wa wawindaji kwa baba yangu, Jeddah, nakupa viza ya kwenda na kurudi. Umwone mtoto, urudi." Hakuwa mtu mbaya. Nalisema hili sasa kwa sababu najua msomaji ameshaanza kumtafutia makosa. Alikuwa mtu wa ofisi, mpole siku za kazi, na alinunua dawa nilipougua. Ila alikuwa na baba, na baba yake alimfanya awe mdogo kila alipomtaja.

Tulimpata paa siku moja mchana, mbali kaskazini ya Riyadh, mahali ambapo ardhi ni changarawe na vichaka vya miiba. Tulikuwa na magari mawili. Gari la pili lilikuwa la rafiki wa bosi, mtu mnene mwenye kucheka, aliyewinda na kipanga wake. Siku hiyo kipanga aliruka akakataa kurudi, kwa hiyo rafiki na dereva wake walikuwa nyuma wanamwita kwa kipande cha nyama. Wao walitafuta sungura na ndege tu. Paa ilikuwa marufuku kumpiga bila kibali, na kibali mimi sikukiona. Alipotokeza, bosi alinishika bega nisimamishe gari, akapiga kupitia dirishani. Paa akaanguka, akainuka, akakimbia akiyumba, akapotea nyuma ya kilima kidogo. Bosi akaruka chini amfuate, mguu ukaingia shimoni, kifundo kikateguka.

Akakaa chini akishika mguu, akanipa kisu. "Kimbia. Mchinje kabla hajafa. Yalla, yalla."

Nilikimbia. Watu wengine hukimbia kwa kuwa wana mbio. Mimi nilikimbia kwa kuwa naogopa kukataa jambo. Na huku nakimbia nilijua kwamba sikupaswa kulifanya nililotumwa, kwa sababu mimi ni Mkristo, na kwetu Mkristo hachinji mnyama ambaye Mwislamu atamla. Sheria ya serikali haisemi hivyo, ni adabu tu ya watu wanaoishi pamoja. Krismasi ikifika, mbuzi ni wetu na sherehe ni yetu, lakini kisu anashika jirani yetu Mwislamu, ili naye aje ale na watoto wake bila wasiwasi. Kazi yangu tangu utotoni ilikuwa kushika miguu ya nyuma na kuangalia pembeni.

Nilimkuta paa amelala ubavu. Jicho lake lilikuwa wazi, kubwa, na limetulia. Nilipiga magoti, nikamgeuza shingo kama nilivyomwona jirani akifanya, nikasema bismillahi, nikasema Allahu akbaru, kwa ulimi uleule ulioimba kwaya kanisani. Kisha nikafumba macho nikakata.

Nilipofumbua, damu ilikuwa mchangani na miguu imetulia. Ilitikisika kabla? Ilitikisika wakati wa kisu? Haikutikisika kabisa? Sikujua, na hakukuwa na mtu wa kumuuliza.

Bosi alifika akichechemea. Alipoona damu alishusha pumzi, akasema alhamdulillahi, akakichukua kisu mkononi mwangu. Akakitazama kwa muda. Halafu, bila kunitazama, akasema, "Nimechinja mimi. Sawa?"

"Sawa, bosi."

"Halas. Yamekwisha."

Rafiki alipotufikia alimkuta bosi amesimama na kisu chenye damu, akampiga picha. Ndani ya gari, tukirudi hemani, bosi alinieleza kwa sauti ya chini. Baba yake alikuwa mwindaji wa zamani, na kwake mtu anayepiga risasi akamwachia mwingine kisu si mwindaji, ni mpiga kelele. Hajawahi hata siku moja kukubali hadithi ya mwanawe. Mwaka huu ataikubali. Nilimsikiliza nikamhurumia, na papo hapo nikakumbuka shahidi ni nani.

Nyama ilitiwa kwenye friza ya nyumba ya Malaz ikingoja siku ya Jeddah. Ikawa kila nikipita uani nasikia friza ile ikinguruma ndani ya stoo, na moyo wangu unanguruma nayo. Mzigo wangu haukuwa uongo wa bosi peke yake. Nilihesabu kichwani kila mkono utakaoshika nyama ile, wazee waliokwenda hija, watu wa swala tano, wote wanakula mnyama ambaye labda alikuwa maiti nilipomgusa. Nilikuwa nimesikia hadithi nyingi za watu waliofungwa kule kwa makosa wasiyoyaelewa. Sikujua kosa langu linaitwaje kwa Kiarabu, na hilo liliniogopesha zaidi.

Nyumba ile ilikuwa na mpishi, dada wa Mombasa, Mwislamu, aliyenizidi umri na akili. Dereva haruhusiwi kuingia jikoni wanawake wakiwemo, kwa hiyo tulizungumza kupitia dirisha la jikoni, mimi nikijifanya naosha gari, yeye akijifanya hanioni. Siku moja nikashindwa kunyamaza, nikamweleza yote.

"Haya niambie," akasema, akiendelea kumenya vitunguu. "Ulipomtia kisu, yuapumua ama alishakata roho?"

"Sijui, dada."

"Hujui vipi, na ni wewe uliyekuwa naye?"

"Nilifumba macho."

Aliweka kisu chini. Nilidhani atanihurumia, lakini alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ukingo wa mtandio, na sikujua kama ni ya kicheko au ya vitunguu. "Ya Rabi. Mwanamume mzima na ndevu zake."

"Dada, mimi naogopa."

"Naona." Akawa mpole kidogo. "Sikiza kaka. Kwamba wewe ni Mkristo, hilo lisikukoseshe usingizi. Wanavyuoni wana maneno yao hapo, na wengi wasema yafaa. Lakini mnyama akiwa ashakufa, hata achinje sheikh mwenye kilemba, hicho ni kibudu. Mzoga tu."

"Basi nimwambie bosi?"

"Umwambie nini? Kwamba wewe uliyemchinjia paa wake ulikuwa umefumba macho? Na viza yako waitaka ama huitaki?"

Nilisugua gurudumu moja kwa muda mrefu. Yeye akarudi kwenye vitunguu vyake, kisha akasema kama mtu anayejisemea, "Mimi nimesema uongo mwingi kwenye nyumba hii. Uongo wa umri nimesema, uongo wa kuumwa kichwa nimesema, na Mungu atanisamehe. Lakini uongo wa chakula usiseme, kaka. Huo mtu autia tumboni. Wasipokuuliza, nyamaza na umshukuru Mungu wako. Wakikuuliza, sema."

Tangu siku hiyo nikawa na dua moja tu, ya kutoulizwa.

Tulisafiri kwenda Jeddah na gari moja, bosi mbele pembeni yangu, rafiki yake nyuma, dereva wake akiwa ametangulia, na nyama ndani ya sanduku la barafu chini ya mikate na mapakiti ya kuku. Kwenye kizuizi kimoja askari alichungulia akauliza sanduku lina nini. Bosi akasema, "Mbuzi." Alilisema kwa utulivu kabisa, huku anampa tende. Mimi jasho lilinitoka mpaka mikono ikateleza kwenye usukani, na hakuna aliyenishuku kwa lolote. Niliendesha nikiwaza jinsi neno moja lilivyomtoka kirahisi, na jinsi mimi nitakavyolitoa langu.

Kumbe hatari haikuwa kizuizini. Ukipita Taif, barabara inakaribia Makka, na hapo vibao vinakugawa. Waislamu wanakwenda moja kwa moja, wasio Waislamu wanachepuka kwa njia ndefu inayozunguka mji mtakatifu. Kila dereva Mkristo anakijua kibao hicho na anakiheshimu. Niliwasha taa ya kugeuka. Bosi alinitazama, akageuka kumtazama rafiki yake aliyekuwa anakoroma nyuma, akaniitikia kwa kichwa kwamba sawa, zunguka. Nikazunguka taratibu, nikikwepa kila shimo ili rafiki, asiyejua dini yangu, asiamke.

Aliamka. Akakaa vizuri, akaangalia milima, akaangalia upande lilikokuwa jua. "Mbona tuko njia hii?"

"Ile nyingine ina msongamano," bosi akasema.

Nilimwona rafiki kwenye kioo. Alinitazama mimi, akatazama sanduku la barafu, kisha akaitoa simu yake akaitazama kwa muda, na nilijua anaangalia ile picha ya bosi na kisu. Labda alikuwa anajiuliza kwa nini siku ile kanzu ya bosi ilikuwa safi na shati langu lilikuwa na damu hadi kwenye viwiko. Akarudisha simu mfukoni akatabasamu. Hakusema neno mpaka Jeddah, na mtu yule si wa kukaa kimya.

Nyumba ya mzee ilikuwa Ruwais, kwenye kichochoro ambacho upepo wa bahari uliingia ukiwa umechoka. Alihamia kwa binti yake kwa ajili ya kifua chake, na macho yake yalikuwa yamebaki na mwanga kidogo tu. Nilitegemea kizee kikimya. Nilikuta mtu wa sauti kubwa, mwenye ulafi wa nyama asiouficha, aliyeuliza habari za paa kabla ya kumuuliza mwanawe habari za safari. "Amenona? Mapaja mangapi yamekuja?" Mimi nikamsalimu kwa heshima, nikasema alhamdulillahi na inshallah kama Mswahili yeyote anavyosema, awe wa msikitini au wa kanisani. Akanishika mkono akaniita mwanangu, akaniombea nikahiji. Nikaitikia amina. Ningefanya nini?

Baada ya asiri wageni wakafika, wawindaji na mashahidi wao. Wageni walikaa kwenye mazulia barazani, sisi mashahidi tukawa kwenye ukumbi mwembamba karibu na jiko. Mimi nilipewa mdila wa kahawa, kwa hiyo niliingia na kutoka, nikijaza vikombe, na kila neno nikalisikia. Kutoka jikoni harufu ya paa na hiliki ilikuwa imeshaanza kujaa nyumba nzima.

Mmoja alisimulia jinsi alivyokasirikia wawindaji walioingilia eneo lake, akafuata alama za magurudumu yao adhuhuri yote kwa hasira, mpaka zikamfikisha kwenye hema lake mwenyewe. Dereva wake, Mbangladeshi mwenye uso mzito, aliitwa, akathibitisha bila kucheka, na hiyo ndiyo iliyowavunja mbavu. Mwingine alisema kipanga wake alitua kichwani kwa ngamia wa watu akakaa pale kama mwenye ngamia. Shahidi akakubali.

Wa tatu hakuchekesha. Gari lake lilizama mchangani, simu haina mtandao, na yeye na mpishi wake Msudani wakakaa chini ya gari wakingoja kufa, mpaka wachungaji wakawaona. Alisimulia kwa maneno machache. Mpishi alipoitwa alisema ni kweli, kisha akaongeza jambo ambalo bosi wake hakulisema, kwamba maji ya mwisho alipewa yeye. Msimuliaji aliinamisha kichwa kwa haya. Nami niliyesimama na mdila nikaelewa kwamba kwa watu hawa neno la shahidi lina uzito kuliko nilivyodhani.

Zamu ya bosi ikafika. Alisimulia vizuri. Risasi, kilima, kifundo kilichoteguka, yote yalikuwa ya kweli. Ila kwenye hadithi yake alikimbia na kifundo kile, akamfikia paa angali anapumua, akataja jina la Mungu, akachinja kwa mkono wake. Baba yake alikuwa amesogea mbele, mdomo wazi kidogo, anakunywa kila neno. Sijawahi kumwona bosi akiwa na uso ule, uso wa mtu anayependwa na baba yake. Niliomba Mungu kwa moyo wangu wote wasiniite.

Sinia ikaletwa, wali umerundikwa, nyama juu. Mzee akanyoosha mkono. Huenda yote yangeishia hapo.

"Na shahidi?" rafiki mnene akasema, anacheka. "Sote tumeleta mashahidi. Mwiteni dereva. Tena yeye amepata taabu, ametuzungusha kwa njia ya wasioingia Makka."

Ilikuwa utani tu. Wawindaji huchokozana hivyo, na sidhani alijua anachokivunja. Lakini mkono wa mzee ulisimama juu ya wali. Kila mtu pale alijua njia ile ni ya nani.

"Mwanangu," mzee akaita. "Njoo karibu, sikuoni vizuri. Wewe ni Nasara?"

"Ndiyo, baba, ni Mkristo."

"Haina neno. Chakula chenu kinatufaa." Alisema hivyo kama mtu anayeondoa mwiba mdogo njiani. "Ninachouliza ni kisu. Nani alimchinja paa?"

Nilimtazama bosi. Hakunikasirikia na hakunitisha. Alinitazama kwa kunisihi, na mimi siwezi kusema hapana hata kwa anayeniamrisha, sembuse anayenisihi. Nikaliona paji la uso la binti yangu limegandamizwa kwenye simu. Neno ndiyo lilikuwa mdomoni, fupi, jepesi. Kisha nikaona vidole vya mzee juu ya sinia, vimelowa mafuta kidogo, vinangoja.

"Bosi alipiga, baba. Kisu kilikuwa mkononi mwangu."

Mzee akanigeuzia uso.

"Ulimtaja Mungu?"

"Nilimtaja."

"Alikuwa hai?"

"Sijui, baba."

"Hujui?"

"Niliogopa. Nilifumba macho."

Rafiki mnene akapasuka kwa kicheko, na wengine wakafuata, kicheko cha watu waliokuwa wamebana pumzi. Nacheka ninaposimulia leo, lakini siku hiyo nilitamani sakafu inimeze. Watu wawili hawakucheka. Mzee alichukua kitambaa akafuta vidole, kimoja kimoja, akaisukuma sinia mbele. "Ondoeni. Waleteeni wageni kuku." Halafu akageuza uso wake usioona vizuri upande aliokaa mwanawe, akasubiri mwanawe aseme kitu. Bosi alikuwa anatazama zulia. Mzee hakumkaripia. Alimwambia msimuliaji anayefuata aanze.

Nyama ile ililiwa na paka wa Ruwais. Mimi sikulala, nilijifunika blanketi nikiwaza polisi, nikiwaza kosa langu kwa Kiarabu, nikijibu maswali ya watu ambao hawakuwepo.

Asubuhi bosi alinikuta nafuta vumbi la gari. Alisimama upande wa pili, boneti katikati yetu. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Ungesema ndiyo tu," akasema. "Neno moja."

"Nisamehe, bosi."

"Wewe unaogopa kila kitu. Unaogopa mpaka paka. Kwa nini hukuniogopa mimi?"

Nilitaka kumwambia kwamba nilimwogopa sana, kwamba sijui kilichotokea, kwamba ulimi ulikwenda wenyewe. Nikabaki nimeshika kitambaa. Akatoa simu akabonyeza kwa muda mrefu, akanionyesha.

"Ulitaka kwenda nyumbani. Haya."

"Kwenda na kurudi, bosi?"

"Kwenda." Akaitia simu mfukoni. "Siwezi kukuona kila siku ukiniendeshea gari. Utanielewa."

Nilimwelewa, na hilo ndilo liliniuma. Alinipa haki yangu yote na tiketi, na vitu vyangu vya Malaz vilinifuata Jeddah vikiwa vimefungwa na dada wa Mombasa, aliyeweka kati ya mashati pakiti ya vitunguu vya kukaanga bila neno lolote. Mpaka Jeddah uwanjani niliamini mtu ataniita nirudi. Hata ndege ilipoinuka niliendelea kusikiliza kama nitasikia jina langu.

Nyumbani Voi hawakujua kwamba sirudi tena Saudia. Mke wangu alijua ahadi ya viza, na mimi kwenye simu nilisema tu kwamba nakuja. Aliwaita majirani, akapika pilau, akamvika mtoto gauni jipya. Nilishuka na begi langu, nikamwona binti yangu mbele ya mlango akiwa amesimama kwa miguu yake, na paji la uso ni lile lile, chini yake kuna uso mzima nisioujua. Nikachuchumaa nikanyoosha mikono.

Alipiga yowe la hofu. Akakimbia nyuma ya mama yake, akashika gauni kwa ngumi mbili akajificha uso, anatetemeka. Majirani wakacheka, wakasema ni kawaida, mgeni huyo. Nilimwelewa mtoto wangu kuliko mtu yeyote aliyekuwa pale. Sikumsogelea.

Mke wangu aliinama akamchomoa taratibu, akamweka mbele yake, akinitazama mimi. "Wamekupa miezi mingapi?" akaniuliza kwa sauti ya chini, majirani wasisikie. "Nijue. Kama ni michache, simsumbui, nitamwambia wewe ni mgeni. Atalia tena ukiondoka."

Nilikuwa bado nimechuchumaa mavumbini, mikono mbele.

"Mwambie mimi ni baba yake," nikasema. "Mwambie anizoee."